Birika la umeme ndilo linalomaliza LUKU? Uzi wa hesabu za jikoni na mafumbo

#1 Kandambili

Wakuu habari za jioni.

Kuna nyumba ukiingia jikoni unakuta birika la umeme limepandishwa juu ya kabati, lipo kwenye boksi lake, linashushwa siku ya wageni tu. Ukiuliza unaambiwa "hilo linakula umeme". Chai inachemshwa kwenye gesi, na gesi ikikata kabla ya mwisho wa mwezi lawama anapewa mkaanga maandazi. Huu ubishi naukuta kila mahali, na sijaona mtu akiumaliza kwa kalamu. Leo tuumalize.

Maji lita 1 yakiwa kwenye nyuzi 25 yanahitaji kupanda nyuzi 75 ili yachemke. Kila lita, kila nyuzi moja, ni kilojuli 4.2. Kwa hiyo 75 × 4.2 = kilojuli 315. Uniti moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ni kilojuli 3,600. Gawanya: uniti 0.0875. Birika nalo linapoteza kidogo kwa mvuke na kwa kujipasha lenyewe, basi tuseme uniti 0.1 kwa lita. Yaani uniti moja inachemsha lita 10 za maji.

Bei sasa. Kwa bei za EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za umeme) za 2016 mteja wa kawaida (T1) analipa shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA 1 inafika 356. Ndiyo maana ukinunua wa 10,000 risiti inakuletea uniti 28 na chenga, kabla kodi ya jengo haijapita. Kwa hiyo lita moja ya maji ya moto kwa birika ni shilingi 36.

Gesi: kilo moja ina takriban kilojuli 46,000, lakini jiko la kawaida sufuria inaambulia kama nusu tu, nyingine inapita pembeni na kupasha jikoni. Tunabaki na 23,000. Gawanya kwa 315, unapata lita 73 kwa kilo. Tuchukulie mtungi wa kilo 6 umejaza kwa 24,000, yaani kilo 4,000. Lita moja inakuwa shilingi 55.

Birika limeshinda. Ili gesi ilingane nalo, mtungi wa kilo 6 inabidi uupate kwa chini ya 15,800 hivi. Kila mtu aweke bei ya mtaani kwake, namba itasogea lakini sidhani kama mshindi atabadilika.

Masharti ya uzi: anayeleta mbinu ya nyumbani alete na fumbo la hesabu, au ajibu la mwenzake. Naanza mimi.

Fumbo: una dawa mbili za mbu za kuchoma, zile za mviringo. Kila moja inaungua saa 8 kamili, lakini haiungui sawasawa. Pengine nusu ya kwanza inakwenda haraka, nusu ya pili inajikokota kwa sababu ilipata unyevu. Huna saa, huna simu. Pima saa 6 kamili.

#2 mtoto_wa_kota

Nimekaa kiti cha mbele. Karanga zipo.

#3 Mama Wawili

Kandambili hesabu nzuri ila unieleze kitu kimoja. Nikiwasha birika, ile taa nyekundu ya LUKU inapepesa kama imepagawa. Nikiwasha friji inapepesa polepole. Sasa macho yangu yananidanganya?

#4 Kandambili

Mama Wawili, macho yako sahihi, ila taa inakuonyesha kasi, haikuonyeshi jumla. Birika la wati 2,000 linachemsha lita moja kwa dakika tatu kisha linajizima. Limekunywa kwa pupa, limekunywa kidogo. Friji dogo linakwenda polepole usiku na mchana. Likitumia uniti moja kwa siku ni sawa na lita 10 za chai. Nani ndani ya nyumba anakunywa lita 10 za chai? Pasi ya wati 1,000 ukipigia nguo nusu saa mfululizo ni nusu uniti, lita 5 hizo. Kama kuna wa kufichwa juu ya kabati ni pasi.

Ila na wewe usijaze birika lita 1.7 kwa ajili ya kikombe kimoja. Hapo ndipo pesa inapotea kweli.

#5 Nyanda za Juu

Nasoma nikiwa Njombe, mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huku maji hayafiki nyuzi 100. Kila ukipanda mita 300 hivi kiwango cha kuchemka kinashuka nyuzi moja, kwa hiyo sisi tunachemkia 93 na kidogo. Mtu akisema "basi mnaokoa umeme", akumbuke maji yetu ya bomba asubuhi yana nyuzi 15. Kutoka 15 hadi 93 ni nyuzi 78. Tumerudi pale pale.

Adhabu yetu iko kwenye maharage. Yanachemka, mapovu yamejaa, mvuke unatoka, na hayaivi. Mgeni kutoka Dar anaongeza kuni akidhani moto mdogo. Ongeza kuni hadi kesho, maji yakishachemka hayapandi tena joto, yanakauka tu. Dawa ni sufuria ya presha, inabana mvuke hadi maji yafike karibu nyuzi 120. Wasio nayo: loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, tia magadi kidogo sana (ukizidisha yanakuwa na ladha ya sabuni), funika.

Na kile kikapu cha kuivishia, chenye mito ya sufi au matambara ndani, msikidharau. Unachemsha, unatia sufuria nzima kapuni, unafunika, unakwenda shamba, unarudi pameiva. Ila kwa maharage mekundu kuna sharti. Yana sumu yake ya asili, lektini, inayokufa kwa mchemko wa kweli. Yatokote jikoni dakika 10 kamili baada ya kulowekwa ndipo yaingie kapuni. Anayeyatia yakiwa na joto la uvuguvugu atashinda chooni.

Fumbo sina, naendelea kuwaza la mbu.

#6 mtoto_wa_kota

La mbu rahisi. Unapima dawa moja, unakata robo, unachoma robo tatu iliyobaki. Saa 6.

#7 BintiTanga

Hujasoma swali, mdogo wangu. Haiungui sawasawa, robo tatu ya urefu si robo tatu ya muda.

Jibu ni hili. Ya kwanza iwashe ncha zote mbili, ya nje na ile ya katikati, na wakati huohuo ya pili iwashe ncha moja. Ya kwanza mioto miwili itakutana baada ya saa 4, popote itakapokutania, hata kama upande mmoja ulikimbia na mwingine ukasuasua. Kwa nini 4? Kwa sababu mioto miwili inagawana kazi ya saa 8. Hapo ya pili imebakiwa na moto wa saa 4. Papo hapo iwashe ncha ya pili, zile 4 zinageuka 2. Jumla 6.

Mbinu: kuwasha ncha ya katikati hakuwezekani ikiwa kwenye kile kibati chake, kwa sababu kibati kinachomekwa hapohapo. Ilaze juu ya misumari mitatu iliyopigiliwa kwenye kipande cha mbao. Na kuzitenganisha zile pacha zinapotoka kwenye pakiti bila kuzivunja: usivute nje. Sukuma katikati kwa dole gumba huku umeshika ukingo, zungusha taratibu, zinaachana zenyewe. Ikivunjika usitupe, kipande kitatosha kipindi cha kula chakula barazani. Chumbani fungua dirisha, ule moshi si wa kulala nao.

#8 mtoto_wa_kota

Dada hapo umenifunga goli la kisigino.

#9 fundi_koki

Kuhusu gesi, watu wengi hawajui imebaki kiasi gani mpaka ugali ugomee katikati. Chukua kikombe cha maji ya moto (si ya kutokota), mwagia ubavuni mwa mtungi kutoka juu kwenda chini, subiri kidogo, pitisha kiganja. Palipo na gesi ya maji pamebaki baridi, juu yake pana joto. Mpaka unausikia wazi kwa mkono.

Anayetaka namba kamili aangalie kwenye kola ya mtungi, kuna maandishi TW na kilo zake. Huo ni uzito wa mtungi mtupu, na hutofautiana mtungi kwa mtungi, kwa hiyo usikariri wa jirani. Mfano imeandikwa TW 8.2, mizani ya duka la nafaka ikasoma 10.6. Gesi ni kilo 2.4. Kwa hesabu ya Kandambili hapo una lita 175 za maji ya moto bado. Na kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni pale kwenye rigyuleta. Povu likitoa vijipu, funga, usitafute panapovuja kwa kiberiti. Naandika hili kwa sababu nimeshaona mtu anafanya.

Fumbo langu: una dumu la lita 5 na la lita 3, hayana alama. Mteja anataka lita 4 kamili. La pili, una la lita 6 na la lita 4, mteja anataka lita 5.

#10 Mkulima wa Kibaigwa

Mimi naleta la mahindi, na hili si mchezo, watu wanapoteza pesa kila msimu.

Mfanyabiashara anakuja shambani mapema, mahindi bado yana unyevu. Gunia la kilo 100 lina unyevu asilimia 25. Wewe unataka kuyakausha hadi asilimia 13 ndipo uhifadhi. Swali: baada ya kukausha utabaki na kilo ngapi?

Mbinu ya kujua kama yamekauka bila mashine: chupa ya kioo kavu, chumvi kavu (ianike juani kwanza au ipashe kwenye kikaango ipoe). Tia mahindi hadi theluthi ya chupa, vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Chumvi ikianguka chini yote na kioo kikabaki safi, hapo unaweza kutia kwenye mifuko. Mambo ya kung'ata punje kwa meno nayajua na mzee alikuwa bingwa, lakini meno ya kila mtu yana maoni yake.

#11 Mama Wawili

25 toa 13 ni 12. Kilo 88.

#12 Kandambili

Nilijua wengi tutapita hapo, na ndipo mnunuzi anapopita pia. Asilimia 13 ya mwisho si asilimia ya zile kilo 100, ni ya gunia jipya ambalo limeshapungua.

Shika kisichobadilika: unga mkavu. Kilo 100 zenye maji 25 zina ukavu wa kilo 75. Mwishoni hizo 75 ni asilimia 87 ya gunia. 75 ÷ 0.87 = 86.2. Umepoteza kilo 13.8. Kama mahindi makavu ni shilingi 700 kwa kilo, basi kilo ya hayo mabichi thamani yake ni kama 603, na bado hujahesabu turubai na kibarua wa kuanika. Mwenye kukununulia mabichi kwa 620 amekuonea huruma, kwa 500 amekula.

Mama Wawili usijali, toleo kali la swali hilihili ni hili: tikiti la kilo 10 ni maji asilimia 99. Likakaa juani, likawa maji asilimia 98. Sasa lina kilo ngapi? Usijibu kwa haraka.

#13 mtoto_wa_kota

9.9

#14 Mama Wawili

Subiri. Ukavu ni gramu 100. Mwanzo ni asilimia 1, mwisho ni asilimia 2. Gramu 100 ikiwa asilimia 2, zima ni... kilo 5?! Nusu ya tikiti imeyeyuka kwa asilimia moja?

#15 Kandambili

Kilo 5. Ndiyo hivyo.

#16 Mama Wawili

Nimemwita baba wawili aje aone.

#17 pwani_moja

Salamu kutoka Mombasa. Mimi naleta lile la kale la ngamia 17. Mzee alikufa akaacha ngamia 17 na watoto watatu. Mkubwa apewe nusu, wa kati theluthi, mdogo sehemu moja ya tisa. 17 haigawiki. Akaja mpita njia na ngamia wake mmoja, akamchanganya, wakawa 18. Nusu ni 9, theluthi ni 6, ya tisa ni 2. Jumla 17. Mpita njia akapanda ngamia wake akaenda zake. Ilikuwaje?

Mbinu: birika likishika ukoko mweupe ndani (maji yetu ya visima ndiyo kawaida yake), chemsha maji na ndimu mbili zilizokatwa, liache usiku, asubuhi suuza. Ukoko ukiwa mnene maji yanachelewa kupata joto.

#18 fundi_koki

Hiyo ya ndimu ni sahihi, na Dodoma inahitajika zaidi. Naongeza onyo: mtu asije akasema "nitie na jiki kidogo ling'ae". Jiki na ndimu, jiki na siki, jiki na ile dawa kali ya choo, vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Ni sumu ya kifua, chooni mlango ukiwa umefungwa unaweza kuanguka. Kimoja kimoja, na suuza kabla ya kingine.

#19 Ustadh wa Ngamiani

Asalaam alaykum. La ngamia halina uchawi. Jumlisha nusu, theluthi na moja ya tisa: 9/18 + 6/18 + 2/18 = 17/18. Mzee hakugawa mali yake yote, alibakiza sehemu moja ya kumi na nane. Mpita njia alileta ngamia ili hesabu itembee kwa 18, na ile sehemu iliyobaki ndiyo yeye alivyorudi na ngamia wake. Watoto nao walipata zaidi kidogo ya walichoandikiwa: nusu ya 17 ni 8.5, mkubwa akapata 9.

Ila wanafunzi wangu huwa nawaambia, hadithi hii haiwezi kuwa ya faraidhi (mirathi ya Kiislamu). Watoto wa kiume watatu katika mirathi wanapata sawa kwa sawa, na wasia hauwahusu warithi. Faraidhi ina fumbo lake zuri kuliko hilo, na lina watu wa kweli nyuma yake, kwa sababu kule mafungu yanaweza kuzidi moja badala ya kupungua.

Mwanamke amefariki. Hana watoto, wazazi wametangulia, hana kaka. Ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Fungu la mume bila watoto ni nusu. Fungu la dada wawili ni thuluthi mbili. Mali ni shilingi milioni 21. Kila mmoja apate ngapi?

#20 mtoto_wa_kota

Mume 10.5, dada 14. Jumla 24.5. Ustadh, hizo 3.5 nani atoe?

#21 pwani_moja

Amlete mpita njia na milioni zake.

#22 Nyanda za Juu

Hahaha. Nahisi anayetangulia kwa kadhi ndiye atachukua nusu, wengine wagawane kilichobaki?

#23 Ustadh wa Ngamiani

Swali la mtoto wa kota ndilo lililofika kwa Khalifa Umar, na jibu lake ndilo linalotumika kwetu Masuni hadi leo. Linaitwa aul. Tafuta asili ya mafungu: nusu na thuluthi mbili asili yao ni 6. Mume 3, dada 4. Jumla 7, na asili ni 6. Basi asili inapandishwa iwe 7. Mume anachukua 3 katika 7, dada 4 katika 7, yaani kila dada 2 katika 7.

Milioni 21 gawa kwa 7 ni milioni 3. Mume milioni 9, kila dada milioni 6. Jumla 21, hakuna aliyetoa mfukoni. Mume alitarajia 10.5 akapata 9. Dada walitarajia 7 kila mmoja wakapata 6. Wote wamepungua kwa uwiano uleule, moja ya saba. Hakuna aliyelindwa na hakuna aliyeachwa.

Na wenye maduka mtaliona hili: mfilisika mwenye madeni makubwa kuliko mali, wadai wake wakigawana kwa uwiano, ni hesabu hiyohiyo.

#24 Mama Wawili

Ustadh hii imeniingia kuliko darasa zima. Allah akulipe.

#25 Dogo LUKU

Wakuu nimechelewa. Mimi niko D1, uniti 75 za bei nafuu. Nasikia ukigusa uniti ya 76 tu mwezi huo umekwisha, umeliwa bei ya juu. Kuna jirani yangu anazima hadi friji tarehe 25 asivuke.

#26 Kandambili

Mwambie jirani awashe friji, samaki wataoza bure.

Kwa bei zilezile: uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja, zinazozidi ni 350. Kinachopanda ni zile zinazozidi tu, 75 za kwanza hazirudishwi nyuma. Ukiongeza tozo ni 122 na 427. Akitumia uniti 80: 75 × 122 = 9,150, na 5 × 427 = 2,135. Jumla 11,285. Mwenzake wa T1 kwa uniti 80 hizohizo analipa kama 28,500.

Sasa fumbo la humo humo. Uniti ya D1 inayozidi ni ghali kuliko ya T1, 350 dhidi ya 292. Basi lazima kuna mahali ambapo D1 anageuka kuwa ndiye anayelipa zaidi. Wapi? Weka x: 7,500 + 350(x − 75) = 292x. Fungua mabano, 58x = 18,750, x ni 323. Kwa mwezi mmoja angelazimika kuteketeza uniti 323 ndipo D1 imgeuke. Kabla ya hapo anapata nafuu.

Ila jirani yako ana hoja moja hajaisema. Ukizidisha 75 mwezi baada ya mwezi unaweza kuhamishiwa T1, na hapo ndipo nafuu yote inapokwenda. Mwezi mmoja wenye msiba au wageni si kitu. Na kwa D1 lile birika la mwanzo linachemsha lita kwa shilingi 12. Mtu wa D1 anayechemshia chai kwenye gesi mimi simwelewi kabisa.

#27 Dogo LUKU

Namtumia hii sasa hivi. Anakaa gizani huyo.

#28 BintiTanga

La saa, kwa sababu naona watu wameamka.

Saa ya ukutani inaonyesha 7 asubuhi, sisi tunasema saa moja. Yaani tunasoma upande wa pili wa mshale mfupi, mkiani. Mtoto wangu ndivyo nilivyomfundisha: angalia mkia unaelekea wapi. Swali: ndani ya saa 24, ni mara ngapi mshale mrefu wa dakika unaelekea palepale unapoelekea mkia wa mshale mfupi? Na ni nyakati zipi?

#29 Nyanda za Juu

24. Kila saa mara moja.

#30 pwani_moja

Si 24, Nyanda. Ndani ya saa 12 mshale mrefu unazunguka mara 12, na mkia wa mfupi nao umetembea duara moja. Mrefu umempita mwenzake mara 11 tu. Kwa siku ni 22. Muda kati ya mkutano na mkutano ni dakika 720 gawa kwa 11, dakika 65 na sekunde 27.

Tuanzie saa kumi na mbili kamili, mrefu juu, mfupi chini, mkia juu. Inayofuata ni saa moja na dakika 5. Kisha saa mbili na dakika 10, saa tatu na dakika 16, saa nne na 21, saa tano na 27, saa sita na 32, saba na 38, nane na 43, tisa na 49, kumi na 54. Inayofuata ingekuwa saa kumi na moja na dakika 60, na hiyo ndiyo kumi na mbili kamili tena. Kwa hiyo saa kumi na moja haina yake.

Angalieni na ukutani: saa moja mshale mrefu uko kwenye 1, saa mbili uko kwenye 2, saa tatu kwenye 3 na kidogo. Namba za ukutani zinatukubali.

#31 BintiTanga

Ni 22, na maelezo yako yametimia.

#32 fundi_koki

Mmesahau madumu yangu.

#33 mtoto_wa_kota

Sijasahau, nilikuwa bafuni na ndoo najaribu. Jaza la 5, mimina kwenye la 3, linabaki na 2. Mwaga la 3, hamishia hizo 2 ndani yake. Jaza la 5 tena, ongezea la 3 mpaka lijae, litachukua lita 1. Kwenye la 5 zimebaki 4.

La pili la 6 na 4, lita 5, nimejaribu sana na maji yameisha. Bado.

#34 fundi_koki

Acha kumwaga maji mdogo wangu. Haiwezekani. Ukijaza, ukimwaga, ukihamisha, kila kiasi unachopata kinatokana na kujumlisha na kutoa 6 na 4. Zote ni shufwa, na shufwa kwa shufwa haizai witiri. Lita 5 huipati hata ukae bafuni mpaka Idi. Kanuni yake ni KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ile ya shule ya msingi: KKS ya 5 na 3 ni 1, kwa hiyo kila kipimo kizima kuanzia lita 1 hadi 5 unakipata. KKS ya 6 na 4 ni 2, unapata 2, 4, 6 basi. Mteja wa lita 5 mwambie aje na chupa yake.

#35 mtoto_wa_kota

Na dumu la 9 na la 6?

#36 Mama Wawili

KKS ni 3. Tatu, sita, tisa. Hilo nimelijua mwenyewe, na birika nimelishusha juu ya kabati.